Umemaliza kuangalia muvi na una la kusema: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Haya ni maswali yanayojirudia kila watu wanapoanza kuambiana wameangalia nini na wameionaje. Yameanza na yale ya mwanzo kabisa yakaenda mpaka yale magumu, kwa hiyo ruka moja kwa moja kwenye linalokuhusu. Msimamo wa ukurasa huu ni mmoja na utauona karibu kila jibu: toa sababu. Mtu akipata sababu zako anaweza kuamua mwenyewe kama muvi inamfaa, hata kama hapendi unachopenda wewe.

## Ya kuanzia

Mi sio mtaalamu wa filamu, naweza kutoa maoni kweli?

Unaweza, tena kabisa. Filamu zinatengenezwa ziangaliwe na watu wa kawaida, na ukishakaa ukaangalia mpaka mwisho tayari una kitu cha kusema. Utaalamu unakusaidia kujua kwanini kitu kimekugusa, ila kuguswa kwenyewe hakuhitaji cheti. Hata wakubwa wa kazi hii hawakuandika kwa kujifungia kwenye misamiati. Roger Ebert wa gazeti la Chicago Sun-Times, mchambuzi wa kwanza wa filamu kupata tuzo ya Pulitzer, mwaka 1975, alikuwa anaandika kwa lugha ambayo msomaji yeyote wa gazeti anaielewa, na watu walimfuata miaka mingi kwa sababu hiyohiyo.

Nikimaliza muvi kichwa kinakuwa kitupu, nabaki kusema tu "kali sana". Nianzie wapi?

Anza na sehemu moja. Achana na muvi nzima kwanza, chukua ile sehemu moja ambayo bado inakurudia kichwani ukiwa unanawa mikono, halafu jiulize nimeona nini pale, nimesikia nini, na mwili wangu ulifanya nini.

Chukua mfano wa muvi ya kutisha, mfano wa kutunga tu. Unaweza kuandika "inatisha balaa" ukamaliza. Au unaweza kuandika hivi: "kuna sehemu dada anaingia jikoni usiku, swichi haiwashi taa, kamera imekaa nyuma yake hatuoni kitu zaidi ya mgongo, hakuna muziki wowote, unasikia tu friji inanguruma, halafu friji inanyamaza." Hapo hujamwambia mtu kwamba inatisha lakini ameshajua, na ameshajua pia ni aina gani ya kutisha, kwamba sio ile ya kurukiwa na kitu ghafla, ni ile ya kukaa unasubiri. Anayependa kurukiwa ataiacha, anayependa kusubiri ataitafuta usiku huohuo, na wote wawili umewasaidia kwa maneno yaleyale.

Ukishapata sehemu moja ya namna hiyo, nyingine zinakuja zenyewe.

Lazima nisimulie stori yote?

Hapana, na tafadhali usisimulie. Sentensi mbili au tatu zinatosha: ni nani, yuko wapi, anataka nini, na nini kinamzuia. Kanuni ya kawaida ni kuishia pale ambapo trela inaishia, au robo ya kwanza ya muvi. Watu wengi wanaosema hawajui kuandika maoni kumbe shida yao ni kwamba wanaandika usimulizi, mistari ishirini ya "halafu akaenda, halafu akarudi, halafu steringi akapigwa", mwisho wa siku hatujui walionaje.

Yawe marefu kiasi gani?

Kadiri ulivyo na cha kusema. Mstari mmoja wenye kitu ndani unashinda kurasa mbili za kurudia.

Niandike mara tu nikimaliza au nisubiri kwanza?

Vyote viwili kama unaweza. Ukimaliza tu, andika vitu vidogovidogo ambavyo kesho utavisahau: jina la mhusika, neno alilosema, rangi ya kitu, mahali ulipocheka. Hivyo havisubiri. Ila hukumu yenyewe, ile ya kusema ni nzuri au mbaya, iache ilale usiku mmoja. Muvi yenye mwisho wa kishindo inaondoka na wewe ukiwa na mzuka na unasahau kwamba saa nzima ya katikati ulikuwa unaangalia simu, na kuna nyingine unatoka umechoka ila baada ya siku tatu bado unaiwaza, na hiyo ya pili nayo inastahili kusemwa hivyohivyo ilivyokutokea.

## Spoila

Spoila ni nini hasa? Kila kitu nikisema naambiwa nimespoili

Spoila ni taarifa ambayo muvi yenyewe imeificha makusudi ili uipate kwa wakati wake. Kwamba steringi ni polisi mstaafu, kama tunajua dakika ya tano, hiyo sio spoila. Kwamba yule anayemsaidia ndiye muuaji, hiyo ni spoila hata ukiiandika kwa herufi ndogo.

Na kuna spoila za kujificha ambazo watu hawazihesabu. Ukisema "mwisho wake hutautegemea kabisa" umeshamfanya mwenzio akae muvi nzima anautafuta huo mwisho. Ukisema "sehemu ya huyu mama ni fupi ila inaumiza" umeshasema mama anaondoka mapema. Soma ulichoandika kama mtu ambaye hajaiona, dakika moja tu inatosha kuzikamata.

Nisubiri muda gani ndio niongee wazi?

Hakuna sheria iliyoandikwa, kila kundi lina makubaliano yake. Wanaotengeneza filamu wenyewe wameshawahi kuliomba hilo hadharani. Alfred Hitchcock mwaka 1960 alipotoa Psycho aliweka masharti kwamba muvi ikishaanza hakuna kuingia ukumbini, na akawaomba walioiona wasiwasimulie wengine mwisho wake. Mwaka 2019 ndugu wawili walioongoza Avengers: Endgame, Anthony na Joe Russo, walitoa barua ya wazi kuwaomba mashabiki kitu hichohicho.

Mi naona kwa muvi mpya onyo liwe linawekwa kila mara, wiki ya kwanza mpaka hata miezi kadhaa, kwa sababu sio kila mtu anaiona siku ileile, wengine wanasubiri ifike kwenye mitandao ya kulipia, wengine wanasubiri wapate nafasi tu. Kwa muvi ya miaka ya nyuma sana unaweza kulegeza, ila bado kuna mtu anaiangalia leo kwa mara ya kwanza, na kuandika "hapa chini nafichua mwisho" hakukugharimu chochote.

Nitaisemaje muvi ambayo utamu wake wote uko mwishoni?

Ongelea kile ambacho mwisho unakifanya badala ya kile kinachotokea. Mfano: "mwisho umenifanya nirudi nyuma kuangalia upya mazungumzo ya kwanza mezani", au "mwisho umekuja kama deni, yaani muvi ilikuwa inalijenga muda wote". Unaweza pia kugawa maoni yako mara mbili, ya juu kwa asiyeiona na ya chini kwa aliyeiona, halafu katikati weka nafasi na onyo linaloonekana.

Mbona wengine wanasema spoila haiharibu kitu?

Kuna utafiti wa Chuo Kikuu cha California, San Diego, uliotoka 2011, ambao watu walisomeshwa hadithi fupi, wengine wakiwa wameshaambiwa mwisho, na walioambiwa kwa wastani walizipenda hadithi zaidi kidogo. Ndio unaotajwa sana kwenye ubishi huu. Lakini zile zilikuwa hadithi fupi za kusoma na hayo ni matokeo ya wastani wa watu wengi, hayakupi wewe ruhusa ya kumuamulia mwenzio. Kama yeye anataka kuingia bila kujua kitu, ni haki yake, mwache aingie hivyo.

## Nyota, asilimia na maksi

Rotten Tomatoes, ile tovuti inayokusanya maoni ya wachambuzi, ikisema 90% maana yake muvi imepata 9 kwa 10?

Hapana, na hili ndilo linalochanganya watu kuliko yote. Ile asilimia inahesabu wachambuzi wangapi wameipa muvi maoni mazuri kwa ujumla, haisemi wameipenda kiasi gani. Chukua wachambuzi kumi, wote wakasema "iko sawa, inaangalika", wakaipa 6 kwa 10: hiyo inaweza kutoka na 100%. Chukua wengine kumi, saba wakaipa 10 kwa 10 wakasema ni muvi ya maisha yao, watatu wakaichukia: hiyo itatoka na 70%. Ukiangalia namba tu unaweza kudhani ya kwanza ndiyo bora, wakati ya pili ndiyo ina uwezekano wa kukuacha mdomo wazi. Muvi ikifika 60% inapata alama ya nyanya nyekundu, yaani nzima, chini ya hapo inahesabiwa kama nyanya iliyooza.

Kwanini muvi moja ina namba tofauti kila mahali?

Kwa sababu kila mahali wanauliza watu tofauti na wanahesabu tofauti. IMDb, iliyoanza 1990, inachukua kura za watazamaji kuanzia 1 mpaka 10 na kuzipigia wastani wenye uzito, yaani sio kila kura ina nguvu sawa. Metacritic, ya tangu 2001, inachukua wachambuzi, inageuza maoni yao kuwa maksi za mpaka 100, na baadhi ya wachambuzi wanapewa uzito zaidi ya wengine. Letterboxd ya 2011 ni ya watazamaji wanaoweka kumbukumbu ya walichoangalia, nyota tano na nusunusu katikati. CinemaScore wao wanawauliza watu wanaotoka ukumbini usiku wa kwanza huko Marekani, wanatoa herufi kuanzia A+ mpaka F, na hao ni watu ambao tayari walikuwa na hamu na hiyo muvi, kwa hiyo herufi mbaya kutoka kwao ina maana kubwa. Muvi za kutisha huwa zinapata herufi za chini pale hata zikiwa nzuri, kwa hiyo usizilinganishe na katuni ya familia.

Mi nitoe nyota kwa mfumo gani?

Wowote, ila uwe uleule. Ukiamua nyota tatu ni "sijutii muda wangu", basi iwe hivyo leo na mwezi ujao. Na kama huwezi kuamua kati ya tatu na nusu na nne, acha nyota ukaandike sababu, kwa sababu nyota bila maneno inasema kidogo sana. Kuna muvi inaweza kupata nyota mbili kwa stori na mtu bado anatakiwa aione kwa ajili ya muigizaji mmoja, hilo utaliwekaje kwenye nyota?

Muvi ina asilimia ndogo ila nimeipenda, nina shida gani?

Huna shida yoyote. Soma jibu la kubadilisha maoni huko chini, kuna muvi zilizoanza kwa kupondwa na leo zinafundishwa.

## Kuingia ndani kidogo

Watu wanaongelea kamera na uongozaji, mi naona stori tu. Nitaanzaje kuviona?

Angalia sehemu moja uliyoipenda mara ya pili bila sauti. Bila maneno kukushika utaanza kuona kamera imekaa wapi, iko juu ya mtu au chini yake, iko karibu au mbali, inakaa muda gani kabla ya kukatwa.

Mfano mzuri wa kujifunzia ni 12 Angry Men ya 1957. Karibu muvi nzima iko kwenye chumba kimoja, wazee wa baraza kumi na wawili wanabishana kuhusu kijana mshitakiwa, na haichoshi. Mwongozaji Sidney Lumet alianza na kamera ikiwa juu ya usawa wa macho, katikati akaishusha ikawa usawa wa macho, mwishoni akaiweka chini mpaka dari linaonekana, na huku akibadilisha lenzi ili kuta zionekane kama zinasogea. Mtazamaji hajui lolote kati ya hayo, anachojua ni kwamba chumba kinazidi kubana na shati linamkaba. Sasa ukitoa maoni ukasema "nilihisi kubanwa kadiri muda ulivyoenda" umeshaongelea kamera, hata kama hukujua jina la lenzi. Anza na ulichohisi halafu rudi nyuma utafute kimetoka wapi.

Na sauti je?

Sauti watu wanaisahau na ndiyo inafanya nusu ya kazi. Kwenye Jaws ya 1975, muvi ya papa anayekula watu, yule papa wa mashine alikuwa anaharibika mara kwa mara kwenye maji ya chumvi, ikabidi mwongozaji Steven Spielberg amfiche muda mrefu, na kilichobaki kumwakilisha papa ni noti mbili za mtunzi wa muziki John Williams zinazojirudia. Watu wakaogopa maji. Upande mwingine kuna No Country for Old Men ya 2007 ambayo karibu haina muziki kabisa, unasikia upepo, buti, mlango, na ule ukimya unakukalia kifuani. Kwa hiyo ukimaliza muvi jiulize wapi muziki uliniambia nihisi nini, na wapi uliniacha nihisi mwenyewe.

Nitajuaje kama mtu ameigiza vizuri au amepewa tu maneno mazuri?

Muangalie wakati haongei. Mwenzake anapoongea, yeye anasikiliza kweli au anasubiri zamu yake? Muigizaji mzuri unaona kitu kinapita usoni kabla hajafungua mdomo. Kulia na kupiga kelele kunaonekana kirahisi na kunapata sifa nyingi, ila mtu anayejizuia asilie ana kazi ngumu zaidi, na hao ndio wanaohitaji mtu wa kuwataja.

Muvi ikienda taratibu maana yake ni mbaya?

Hapana, swali ni kama huo utaratibu una kazi. Jeanne Dielman ya Chantal Akerman, ya 1975, inapita saa tatu, kamera imetulia tu, mama anamenya viazi, anatandika kitanda, anaosha vyombo. Ukishazoea mpangilio wake wa kila siku, kitu kidogo tu kikienda kombo, viazi vikiungua, unashtuka kama bomu limelipuka. Bila zile saa za utulivu usingeshtuka. Kuna muvi nyingine zinaenda taratibu kwa sababu hazina cha kusema, na tofauti unaijua ukijiuliza kama ungeitoa ile sehemu ndefu, kuna kitu kingepungua huko mbele? Na kusema "imenichosha" bado ni maoni halali, sema tu ilikuchosha wapi.

Muvi imetoka kwenye kitabu, niilinganishe?

Linganisha kama umesoma, ila usiifanye filamu iwe mtihani wa kukariri kitabu. Vuta N'kuvute ya Adam Shafi ni riwaya yenye watu wengi na njia nyingi, filamu ya Amil Shivji ya 2021 haina namna ya kubeba yote ndani ya muda wake, imechagua. Swali la maana ni kwamba walichochagua kimesimama chenyewe? Hata waandishi wenyewe hawakubaliani na waongozaji, Stephen King mpaka leo anajulikana kwa kutoipenda The Shining ya Stanley Kubrick ya 1980, na watazamaji wengi wanaihesabu kati ya muvi kubwa za kutisha. Wote wanaweza kuwa sahihi, mmoja anaongelea kitabu chake, wengine wanaongelea walichokiona kwenye skrini.

Na ikiwa imetoka kwenye kisa cha kweli?

Tenganisha mambo mawili, uzuri wa muvi na ukweli wa historia. The Last King of Scotland ya 2006 ilimpa Forest Whitaker tuzo ya Oscar kwa kumwigiza Idi Amin, na Amin ni mtu wa kweli na mateso ya Waganda ni ya kweli, lakini yule daktari kijana kutoka Scotland ambaye tunaona kila kitu kupitia macho yake ni mtu wa kubuni, ametoka kwenye riwaya. Ukiisifia bila kusema hilo, mtu anaweza kuondoka akidhani ameangalia historia. Mi hapa nasisitiza kwa sababu kwa watu wengi muvi ndiyo darasa pekee la historia watakalolipata, kwa hiyo ukijua kipande kimebuniwa, kiseme.

## Mkiwa hamkubaliani

Kila mtu anaisifia, mi imeniboa. Niseme?

Sema, hasa kama una sababu. Usianze na "sijui watu wameona nini humu", hapo unawashambulia watu badala ya kuongelea muvi. Anza na kilichokuboa: stori uliitabiri mapema, vichekesho havikukufikia, mhusika mkuu hukumuamini alipobadilika ghafla. Na kubali kilicho kizuri kama kipo, maana mtu akiona umeweza kuona taa nzuri kwenye muvi usiyoipenda, ataamini na yale mabaya uliyoyaona.

Nimesema nimeipenda nikatukanwa, nijibu vipi?

Jibu mwenye hoja, mwenye matusi mwache apite. Mtu akisema "sehemu ya pili inapwaya kwa sababu adui hana sababu ya kufanya anayofanya", hapo kuna mazungumzo, unaweza kumuonyesha sababu uliyoiona wewe. Mtu akisema "unaangalia takataka", hakuna cha kujadili.

Naruhusiwa kubadilisha maoni?

Ndio, dunia nzima inabadilisha. Tarehe 25 Juni 1982 huko Marekani zilitoka muvi mbili siku moja, The Thing ya John Carpenter na Blade Runner ya Ridley Scott. Zote mbili hazikufanya vizuri kwenye mauzo, na The Thing hasa wachambuzi waliiponda mpaka basi. Leo zote zinahesabiwa kati ya muvi muhimu za aina yake. Jarida la Sight and Sound linauliza wachambuzi kila baada ya miaka 10 tangu 1952 ni filamu gani bora kuliko zote: Citizen Kane ilikaa juu kuanzia 1962 mpaka 2002, mwaka 2012 ikapanda Vertigo, mwaka 2022 ikapanda Jeanne Dielman, ileile ya viazi tuliyoiongelea juu. Filamu ni zilezile, waliobadilika ni watazamaji.

Ukibadilisha, usifute ya zamani. Andika mpya na useme nini kimebadilika, umri, mara ya pili ya kuangalia, au kitu ulichojifunza katikati. Hiyo safari yenyewe ina faida kwa msomaji.

Naweza kumsema muigizaji alivyo mwilini?

Kazi yake iseme, mwili wake uache. "Sikumuamini kama mwanajeshi kwa jinsi anavyoshika silaha" ni maoni ya kazi. Kumsema unene, rangi au sura hakumsaidii mtu kuamua kama muvi inafaa, na kunaumiza anayesoma ambaye anafanana naye.

## Kesi zenye utata

Sikumaliza muvi, naweza kutoa maoni?

Unaweza kwa sharti moja, useme umeishia wapi. "Nimeishia dakika ya 40, sikuweza kuendelea kwa sababu hii" ni taarifa nzuri sana kwa mtu, pengine kuliko nyota mbili za aliyevumilia. Usichoweza ni kuhukumu mwisho au kuipa nyota kama umeiona yote. Kusinzia katikati ni hivyohivyo, na jiulize kama uliingia ukiwa umechoka tayari, maana hapo muvi haina kosa.

Nimeangalia ule muhtasari wa dakika kumi, inatosha?

Inatosha kujua stori, haitoshi kutoa maoni. Rudi kwenye ule mfano wa jikoni hapo juu: kwenye muhtasari inakuwa "dada anaingia jikoni, anakutana na kitu", na kila kilichokuwa na maana kimeondoka. Kuangalia kwa kasi ya kuongeza nako kuna shida hiyo, ukimya unafupishwa na vichekesho vinakosa pumzi yake.

Niliangalia iliyotiwa sauti za lugha nyingine, au kwenye simu. Ina tofauti?

Ina tofauti, itaje tu. Ukiangalia iliyotiwa sauti nyingine, nusu ya uigizaji ni wa mtu mwingine, kwa hiyo kuwa makini kusema "muigizaji ana sauti ya kukaza". Maandishi ya chini yanakuachia sauti yake halisi, na watu hawayaogopi kama zamani: Parasite ya Bong Joon Ho, ya Kikorea, ilishinda Oscar ya filamu bora Februari 2020 ikiwa ya kwanza isiyo ya Kiingereza kuichukua. Kwenye simu, sehemu za giza na vitu vidogo vya nyuma vinapotea, kwa hiyo usiseme "hakuna cha kuona" kabla hujakumbuka uliona kwenye kioo cha ukubwa gani.

Muvi ina matoleo zaidi ya moja, niongelee lipi?

Uliloliona, na ulitaje. Blade Runner ya 1982 ina sauti ya msimulizi na mwisho wa furaha, toleo la 1992 vimeondolewa, halafu 2007 likaja toleo la mwisho la Scott mwenyewe. Watu wawili wanaweza kubishana usiku kucha kumbe kila mmoja ameona yake.

Nimealikwa bure, au nimelipwa, niseme?

Sema mwanzoni kabisa, na kwenye baadhi ya nchi sheria inakutaka ufanye hivyo. Na kama umeoneshwa mapema kwa makubaliano ya kutoongea kabla ya tarehe fulani, heshimu tarehe. Rafiki yako akiwa ndiye ameitengeneza ni kesi ileile: taja uhusiano, kisha ama sema ukweli wote ama mwambie pembeni na usiandike kabisa. Sifa za uongo zinamponza yeye zaidi kwa sababu atarudia makosa yaleyale kwenye kazi inayofuata.

Nimeona trela tu, naweza kuipa maksi?

Ongelea trela, muvi isubiri. Mwaka 2019 Rotten Tomatoes waliondoa nafasi ya watazamaji kuandika maoni kabla muvi haijatoka, baada ya watu kuwa wanaziponda muvi ambazo hakuna aliyeziona.

Programu ya akili bandia iniandikie maoni yangu?

Ikusahihishe herufi, sawa. Ila yenyewe haikukaa kwenye kiti chako, haijui ulicheka wapi wala kwanini ulisimamisha ukaenda kunywa maji. Itakupa maneno mazuri ya jumla yanayofaa muvi yoyote, na hicho ndicho mtu anayetafuta maoni yako hakihitaji.

Muvi ina sehemu inayoweza kumuumiza mtu, mfano ubakaji au kujiua. Nikitaja si nitakuwa nimespoili?

Taja. Unaweza kutaja kilichopo bila kusema kinampata nani wala lini: "kuna tukio la kujiua, linaonekana" inatosha, na kama unaweza ongeza kwamba linaonekana wazi au linasikika tu. Kama unaona hata hilo linafichua kitu kikubwa, liweke chini ya onyo kama ilivyoelezwa kwenye sehemu ya spoila, aliyepitia jambo hilo atafungua na wengine watapita. Ni vilevile kwa anayeuliza kama anaweza kukaa na mtoto: badala ya kumwambia "ni ya watoto" mwambie kuna damu kiasi gani, matusi kiasi gani, na mtoto wa muvi anakutana na nini, halafu yeye anamjua mtoto wake.